Lawama Iende Yaliko Mamlaka: Somo juu ya Kufukuzwa kwa Walimu wa Mpira

Kila mtu aliyeajiriwa ajua ya kuwa kazi yaweza kukoma. Karani, dereva, mwashi na mwalimu wa shule, wote hulala na wasiwasi huo. Lakini iko kazi moja ambayo mashaka yake yamepita kiasi, hata watu wamezoea kuyacheka. Ni kazi ya mwalimu wa timu ya mpira, ambaye Waingereza humwita meneja na vijana wetu humwita kocha. Timu ikifungwa mara mbili, jina lake hutajwa vibarazani. Ikifungwa mara tatu, hutajwa magazetini. Ikifungwa mara ya nne, huitwa ofisini akashukuriwa kwa utumishi wake na kuonyeshwa mlango.

Wengine watasema: Huo ni mchezo tu, tena mtu huyo hulipwa vizuri, yatuhusu nini? Yatuhusu, wasomaji wapenzi, kwa sababu mbili. Kwanza, mwalimu wa mpira ni mfanyakazi. Ana mkataba, ana watu wanaomtegemea, wala haki ya mfanyakazi haikomi kwenye lango la uwanja. Pili, jinsi tunavyomtendea hufunua desturi iliyoenea mbali kuliko mpira, yaani desturi ya kumtafuta mtu mmoja wa kutwikwa makosa ya wengi. Basi na tulichunguze jambo hili kwa utulivu: jinsi lilivyo, lilikotoka, kama lina faida, na yatupasayo kufanya.

1. Mambo yalivyo

Tuanze na mfano ulioishangaza dunia. Klabu ya Leicester City ya Uingereza iliundwa mwaka 1884, na kwa muda wa zaidi ya miaka 130 haikupata hata mara moja kuwa bingwa wa ligi ya juu. Msimu wa 2015–2016 ulipoanza, wachezeshaji wa kamari walikuwa tayari kumlipa paundi 5,000 yeyote atakayeweka paundi moja na Leicester ikashinda. Mwalimu wake alikuwa Mwitaliano, Claudio Ranieri. Mwezi Mei 2016 timu hiyo ikatwaa ubingwa. Januari 2017 Ranieri akapewa na FIFA tuzo ya mwalimu bora wa timu za wanaume duniani. Tarehe 23 Februari 2017 akafukuzwa kazi, kwa kuwa timu ilikuwa pointi moja tu juu ya zile zinazoshuka daraja. Tangu kutwaa ubingwa hata kuondolewa ni miezi tisa.

Ranieri hakuwa wa kwanza. Vicente del Bosque aliipatia Real Madrid ya Hispania Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2000 na tena 2002. Juni 2003 akaipatia ubingwa wa ligi, na kabla wiki haijaisha akaambiwa ya kuwa mkataba wake hautaendelezwa. Mtu huyo aliyeonekana hafai ndiye aliyeiongoza Hispania kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2010. Roberto Di Matteo aliiletea Chelsea Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwezi Mei 2012. Mwezi Novemba wa mwaka ule ule hakuwa na kazi. Huko Torquay United, klabu ndogo ya Uingereza, Leroy Rosenior alitambulishwa kuwa meneja mwezi Mei 2007, na dakika kumi baadaye akapata habari ya kuwa klabu imeuzwa na kazi imekwisha.

Wala tusidhani ya kuwa hayo ni mambo ya Ulaya peke yake. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa na Yanga mabao 5 kwa 1. Siku mbili baadaye mwalimu wake Mbrazili, Roberto Oliveira, aitwaye Robertinho, aliachishwa kazi. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Yanga. Miguel Gamondi, Mwajentina, alikuwa ameipatia timu hiyo ubingwa wa msimu wa 2023–2024. Novemba 2024 Yanga ilifungwa na Azam bao 1 kwa 0, kisha na Tabora United mabao 3 kwa 1. Michezo hiyo miwili ikatosha, Gamondi akaenda zake. Hata ilipofika Oktoba 2025, walimu wengine watatu walikuwa wamekwisha kuishika timu hiyo na kuiacha: Sead Ramović, Miloud Hamdi na Romain Folz.

2. Lawama ilitoka wapi

Mchezaji ndiye apigaye mpira nje ya goli. Kipa ndiye anayeuachia upite katikati ya mikono. Mbona basi aondoke mtu aliyekuwa amesimama kando ya mstari?

Jibu la kwanza ni la historia. Zamani mwalimu hakuwa na lawama kubwa, kwa kuwa hakuwa na mamlaka makubwa. Timu ya taifa ya Uingereza ilishikwa na Walter Winterbottom tangu 1946 hata 1962. Yeye alifundisha, lakini wachezaji walichaguliwa na kamati. Alf Ramsey alipotakiwa kushika nafasi yake alitoa sharti moja, kwamba yeye peke yake ndiye atakayechagua wachezaji. Akakubaliwa, na mwaka 1966 akaleta Kombe la Dunia. Lakini mwenye kuchukua mamlaka yote huchukua na lawama yote. Uingereza iliposhindwa kufuzu kwa Kombe la Dunia la 1974, Ramsey alifukuzwa mwaka huo huo. Wala hapo hatuwezi kulalamika sana. Alitaka usukani, akapewa usukani. Chombo kilipokwenda mrama, aliulizwa yeye.

Lakini siku hizi mambo yamegeuka. Katika klabu nyingi za Ulaya yuko mkurugenzi wa michezo, nayo ndiyo mikono inayonunua na kuuza wachezaji. Katika klabu nyingi za kwetu iko kamati ya usajili, au yuko tajiri mfadhili, na mara nyingi mwalimu hufika uwanja wa ndege akakuta wachezaji wamekwisha kusajiliwa. Hupewa watu asiowachagua, kwa muda asioupanga, akaambiwa alete kombe. Mamlaka yamepunguzwa, lakini lawama haikupunguzwa hata chembe. Hapo ndipo penye kosa, na hilo ndilo neno kubwa la somo letu.

Jibu la pili ni la urahisi. Timu ina wachezaji ishirini na watano au zaidi, kila mmoja na mkataba wake. Hawawezi kuondolewa wote. Tena, tangu msimu wa 2002–2003 FIFA imeweka vipindi maalum vya usajili. Dirisha likifungwa, klabu haiwezi kununua mshambuliaji mpya hata ikiwa na fedha za kujaza ghala. Kiti cha mwalimu peke yake ndicho ambacho mlango wake hufunguka siku yoyote ya mwaka. Viongozi wanaotaka kuonekana wamefanya kitu hukimbilia palipo rahisi.

Jibu la tatu ni la hofu. Kushuka daraja, hasa nchini Uingereza, ni kupoteza fedha nyingi mno za televisheni. Huku kwetu hofu ni ya namna nyingine: wanachama wakikasirika, watauliza habari za mapato ya mlangoni, na za usajili wa mchezaji yule ambaye hajacheza hata mara tatu. Mwalimu akiondolewa, ghadhabu hupoa kwa wiki kadhaa na maswali husahauliwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo huu nao huonekana mwepesi kwa sababu wanaoutwika si wanaoubeba.

3. Je, dawa hii yaponya?

Wengine watajibu: Hata hivyo, timu hupona! Mwalimu mpya akija, wachezaji hukimbia, mabao hupatikana. Kweli, mara nyingi huwa hivyo. Lakini na tuulize vizuri zaidi: je, zisingepona kama yule wa kwanza angeachwa?

Mchumi mmoja Mholanzi, Bas ter Weel, alilichunguza swali hilo kwa kutazama ligi kuu ya Uholanzi tangu 1986 hata 2004, akatoa matokeo yake mwaka 2011. Hakuridhika kuzitazama timu zilizofukuza walimu wao. Alizitafuta na zile zilizoanguka vivyo hivyo lakini hazikumfukuza mtu, akazilinganisha. Akaona ya kuwa zilizofukuza zilipata nafuu. Na zile zisizofukuza zilipata nafuu vile vile.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Matokeo ya mpira yana bahati ndani yake. Mpira hugonga mwamba, beki hodari huvunjika mguu, ratiba huleta wapinzani wakali mfululizo. Bahati mbaya ikikusanyika, timu huanguka chini kuliko ilivyo nguvu yake ya kweli, na baada ya muda hurudi mahali pake. Mwenye mafua hupona baada ya juma moja, anywe dawa asinywe. Na aliyekunywa dawa siku ya tano atakuapia ya kuwa dawa ndiyo iliyomponya. Ndivyo ilivyo kwa klabu. Mwalimu hufukuzwa timu ikiwa katika shimo, na mtu akiwa katika shimo, njia iliyobaki ni ya kupanda.

Tazama tena Leicester. Baada ya Ranieri timu alipewa msaidizi wake, Craig Shakespeare. Akashinda michezo mitano ya kwanza ya ligi, timu ikamaliza katika nafasi ya 12, watu wakasema dawa imefanya kazi. Juni 2017 akapewa mkataba wa miaka mitatu. Oktoba 2017 naye akafukuzwa. Kama Ranieri alikuwa ugonjwa na Shakespeare alikuwa dawa, mbona dawa ilitupwa baada ya miezi minne? Watford nayo, katika msimu wa 2019–2020, iliwafukuza walimu watatu, Javi Gracia, Quique Sánchez Flores na Nigel Pearson, huyo wa mwisho ikiwa imebaki michezo miwili tu. Hata hivyo ilishuka daraja.

Na hao Yanga wanatupa somo la kufikirisha. Katika msimu wa 2024–2025 timu ilipita mikononi mwa Gamondi, Ramović na Hamdi, na mwisho wake ikatwaa ubingwa. Mtu aweza kusema: Mnaona? Kufukuza kuna faida. Lakini pima vema. Timu inayoweza kuwa bingwa chini ya walimu watatu katika msimu mmoja, nguvu yake i katika wachezaji wake na mipango yake kuliko katika mwalimu. Na kama nguvu ya ushindi haikutoka kwa mwalimu peke yake, kwa nini lawama ya michezo miwili iwe yake peke yake?

Hata hivyo haifai kuficha upande wa pili. Mwezi Januari 2024, katika mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yaliyochezwa nchini Ivory Coast, wenyeji walifungwa na Guinea ya Ikweta mabao 4 kwa 0. Mwalimu wao, Jean-Louis Gasset, akaondoka mashindano yakiwa bado yanaendelea. Msaidizi wake, Emerse Faé, akashika timu, na tarehe 11 Februari wakaifunga Nigeria mabao 2 kwa 1 katika fainali. Basi yako mabadiliko yanayozaa matunda. Tena wako walimu ambao kuwaondoa ni wajibu: aliyepoteza masikio ya wachezaji wake, mlevi, mwenye kutukana watu kwa rangi zao, mwenye kuchukua rushwa ili ampange mchezaji fulani. Hatusemi mwalimu asiondolewe kamwe. Twasema aondolewe kwa sababu iliyopimwa, si kwa kelele za jukwaani.

Vivyo hivyo tusiisifu subira kwa upofu. Watu hupenda kumtaja Alex Ferguson, aliyeingia Manchester United Novemba 1986 na hakupata kombe lolote hata Mei 1990, kisha akakaa hadi 2013 na kutwaa ubingwa wa ligi mara 13. Ni kweli, na ni mfano mzuri. Lakini wako pia waliongojewa miaka mingi wasilete kitu, na hao hakuna anayewataja. Subira inafaa pale tu palipo na dalili ya ujenzi: vijana wanaokua, mchezo unaoeleweka, nidhamu inayorudi. Kiongozi aliye na macho huona dalili hizo kabla ya kombe kufika.

4. Haki na mkataba

Sasa twende kwenye haki. Mkataba ni neno la watu wawili, wala si la mmoja. Tangu tarehe 1 Januari 2021 FIFA imeweka katika kanuni zake sehemu inayohusu ajira za walimu wa mpira. Klabu au chama kikivunja mkataba bila sababu ya haki, hulipa fidia. Kisipolipa, chaweza kuzuiwa kusajili wachezaji.

Hasara ya kudharau mikataba imekwisha kuonekana jirani. Mwaka 2014 Kenya ilimwachisha kazi mwalimu wa timu yake ya taifa, Adel Amrouche, mkataba wake ukiwa bado. Shauri likaenda FIFA, kisha kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na chama cha mpira kikaamriwa kulipa. Deni likafika shilingi za Kenya milioni 109 hivi. Mwaka 2020 Kenya ikaonywa ya kuwa isipolipa yaweza kuondolewa katika michuano ya kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2022. Uamuzi wa hasira ulichukua siku moja; mzigo wake ukabebwa miaka sita, na waliotishwa kuupoteza mchezo ni vijana ambao hawakusaini barua yoyote.

Lakini Amrouche alikuwa na wanasheria na alijua njia ya kwenda Ulaya. Yule mwalimu wa timu ya daraja la chini, anayefundisha jioni katika uwanja wa vumbi, ana nani? Mara nyingi hana hata karatasi. Aliajiriwa kwa maneno ya mdomo, mshahara wake huja miezi ukaruka miezi, na siku ya kufungwa hupata habari zake redioni kama mtu mwingine yeyote. Pamoja naye huondoka msaidizi wake na mwalimu wa makipa, watu ambao majina yao hayaimbwi timu ikishinda, lakini hufukuzwa timu ikishindwa. Huyo Ranieri tunaweza kumhurumia tukiwa tumekaa. Huyu wa uwanja wa vumbi yatupasa kumtetea tukiwa tumesimama.

Haki, hata hivyo, ina pande mbili. Mwalimu naye hana ruhusa ya kuuchezea mkataba. Mwezi Juni 2018 Julen Lopetegui, akiwa mwalimu wa timu ya taifa ya Hispania, alikubali kazi ya Real Madrid siku chache kabla ya Kombe la Dunia. Hispania ikamwondoa siku mbili kabla ya mchezo wake wa kwanza, na mwezi Oktoba Real Madrid nayo ikamfukuza. Anayetaka wengine walishike neno lao, naye alishike lake.

5. Yatupasayo

Basi tufanye nini? Wengi wetu si wakurugenzi wa klabu. Lakini wengi ni wanachama wa timu za mtaa, za shule, za kazini, na wote tu watu wa jukwaani. Yako mambo manne yaliyo katika uwezo wetu.

La kwanza: mwalimu anapoajiriwa, kazi yake iandikwe. Anatakiwa kulea vijana, au kutwaa kombe, au kuizuia timu isishuke? Atapimwa lini, na nani? Asiyeambiwa mahali pa kufika hawezi kulaumiwa ya kuwa hakufika.

La pili: anayechagua wachezaji ajulikane. Kama ni mwalimu, apewe uhuru wake na ajibu. Kama ni kamati, kamati nayo isimame mbele ya wanachama siku ya hesabu. Lawama iende yaliko mamlaka; wala lawama isifike mahali ambapo mamlaka hayakufika.

La tatu: ikibidi kuachana, kuwe na adabu. Mwenyewe aambiwe kwanza, uso kwa uso, kabla ya redio na simu za watu. Alipwe stahili yake yote, yeye na wasaidizi wake, wala asizungushwe kama mwombaji. Jinsi unavyomwondoa mtu ndivyo atakayekuja atakavyokujua.

La nne latuhusu sisi wenyewe. Kelele zetu ndizo zinazowapa viongozi wabaya mahali pa kujificha. Tunapoimba mwalimu atoke, mara nyingi tunawaimbia kwa furaha wale ambao wangestahili kuulizwa. Siku nyingine timu yetu ikifungwa, kabla hatujafungua vinywa, na tujiulize: Mtu huyu alipewa nini? Alinyimwa nini? Na nani aliyemchagua? Mwanachama mmoja anayesimama mkutanoni na kuuliza maswali hayo matatu kwa utaratibu aifaa klabu yake kuliko mia wanaopiga kelele langoni.

Mpira utaendelea kuwa na mshindi na mshindwa. Hakuna kanuni itakayoiondoa huzuni ya kufungwa. Lakini huzuni si ruhusa ya kudhulumu. Na jamii iliyozoea kumtupa mtu mmoja kila mambo yanapoharibika uwanjani, haitachelewa kufanya vivyo hivyo ofisini, shuleni na kiwandani, mahali ambapo anayetupwa aweza kuwa mimi au wewe.